Bima inasema mgongo wa mume wangu ni uzee, si kazi: tutathibitishaje?

Binti Likoni anauliza:

Assalaam alaykum ndugu zangu, na habari za jioni kwa nyote. Nimekuja na jambo linaloninyima usingizi, na ninamwomba atakayenijibu anijibu kwa lile analolijua hasa, maana tumekwisha kuyumbishwa na maneno ya watu wengi.

Mume wangu ana umri wa miaka 46. Kwa miaka tisa amekuwa akifanya kazi katika ghala moja huku Changamwe, akishusha magunia ya mchele ya kilo 50 kutoka kwenye kontena na kuyapanga ndani. Mwezi wa Februari mwaka huu, Jumanne asubuhi, alikuwa na gunia begani akipita juu ya ubao ulioegemezwa kati ya kontena na sakafu ya ghala. Ubao uliteleza, naye akajipinda ghafla ili asianguke pamoja na mzigo. Anasema alisikia kiunoni kitu kama kijiti kinachovunjika. Alimwambia nyapara kwa mdomo, nyapara akampumzisha kwa kumpa kazi ya kuhesabu magunia, na jioni akarudi nyumbani akijishika kiuno. Siku ya pili hakuweza kwenda. Siku ya tatu mguu wa kushoto ulianza kufa ganzi, tukaenda zahanati ya jirani, na aliyemhudumia akaandika "maumivu ya mgongo" na kumpa dawa za kutuliza. Ilikuwa baada ya wiki mbili ndipo tulipofika hospitali kubwa, akapigwa picha ya MRI. Ripoti inasema kwamba diski kati ya pingili ya nne na ya tano ya kiuno imechomoza na kugandamiza neva, lakini mstari unaofuata unasema pia kwamba kuna uchakavu wa uti wa mgongo unaolingana na umri.

Mwajiri alijaza fomu ya DOSH 1, ile ya kutoa taarifa ya ajali ya kazini, baada ya sisi kumfuata mara nyingi. Sasa kampuni ya bima imetuandikia barua kwamba tatizo hilo ni la umri, kwamba lilikuwepo kabla ya Februari, na kwamba hakuna ithibati ya kitabibu inayolihusisha na kazi. Huu ni mwezi wa saba tangu aumie, na mguu bado haumtii.

Liko jambo jingine ambalo sikutaka kuliandika, lakini nitaliandika. Mwaka 2019 aliwahi kutibiwa mgongo mara moja katika kliniki nyingine, akapona baada ya siku chache, wala hakulalamika tena mpaka siku ile ya ubao. Je, jambo hilo limetumaliza? Na hiyo ithibati ya kitabibu ni kitu gani hasa, ikiwa picha ya MRI yenyewe haitoshi?

Mzee wa Ghalani anajibu:

Wa alaykum salaam mwanangu. Pole sana, na mpe pole mwenzio. Nilikuwa mwakilishi wa wafanyakazi katika maghala kwa zaidi ya miaka kumi, na nimewasindikiza watu wengi katika safari hii mnayoianza. Mtu aliyekatwa kidole na mashine haulizwi mengi, kwa sababu kidole hakipo na kila mtu anaona. Mgongo hauonekani. Kesi za mgongo nilizoziona zikipotea, nyingi hazikupotea kwa kuwa mtu hakuumia kazini, bali kwa kuwa siku ya kwanza hapakuwa na karatasi yoyote iliyosema kwamba ameumia.

Kwa hiyo, kabla ya kumfuata daktari, ikusanyeni ile Jumanne. Karatasi za tali za siku hiyo zitaonyesha kontena gani lilishushwa, magunia mangapi, na ni genge gani lililokuwa kazini. Daftari la lango litaonyesha kwamba aliingia asubuhi na kutoka jioni, na kwamba siku iliyofuata hakuonekana. Waendeeni wenzake wawili au watatu waliokuwa naye kwenye genge, waandike kwa maneno yao wenyewe walichokiona kwa macho: ubao ulivyoteleza, alivyojipinda, alivyokaa chini. Wasiandike alichowasimulia baadaye. Ikiwa siku ile alimtumia mtu yeyote ujumbe wa simu, hata wewe mwenyewe, kwamba "nimeumia mgongo kazini", ujumbe huo usifutwe, kwa kuwa tarehe na saa yake haviwezi kubishiwa.

Kuhusu kumwambia nyapara kwa mdomo, usivunjike moyo. Sheria inaikubali taarifa ya mdomo, na mwajiri aliyejua habari ya ajali kwa njia nyingine hawezi kujificha nyuma ya kukosekana kwa barua. Yule nyapara aliyembadilishia kazi siku ile ni shahidi wenu, apende asipende, maana ataulizwa ni kwa nini mbeba magunia aligeuzwa kuwa mhesabuji katikati ya zamu.

Nitakueleza kisa kimoja ambacho mpaka leo kinaniuma. Kijana mmoja wa genge letu aliumia akishusha mizigo, lakini alipofika zahanati na kuulizwa maumivu yalianza lini, alijibu, "Niliamka nayo." Alikuwa akisema kweli kwa maana yake, kwamba usiku yalitulia na asubuhi yakamzidia. Karani aliandika maneno hayo mawili, na maneno hayo yakasomwa kila mahali tulipokwenda baada ya hapo. Hakulipwa. Nendeni zahanati ile, muombe nakala ya kadi nzima, mjue ni nini hasa kiliandikwa.

Kaka wa Kisauni anajibu:

Dada yangu, mimi si mwanasheria, lakini ningekuwa wewe nisingelitaja lile la mwaka 2019. Lilitibiwa katika kliniki nyingine, lilikwisha, na hakuna aliyeuliza. Kampuni ya bima inatafuta mwanya, nawe utakuwa umewafungulia mlango kwa mkono wako. Zaidi ya hapo, mtafuteni daktari atakayeandika asilimia nzuri ya ulemavu.

Daktari wa Afya ya Kazi anajibu:

Bi Likoni, pole kwa mitihani. Nami nimwombe radhi Kaka wa Kisauni, kwani najua amesema kwa kukuonea huruma, lakini ushauri wake wa kuficha ndio ambao umewaangusha wagonjwa wangu zaidi ya jambo lolote jingine. Rekodi za matibabu hupatikana. Siku zitakapopatikana, hakuna atakayejadili tena mgongo wa mumeo, watajadili ukweli wake, na kila alichokisema kuhusu ubao kitaanza kutiliwa shaka. Isitoshe, kisa cha mwaka 2019 kikielezwa vizuri kinamsaidia. Mtu aliyeumwa mgongo mara moja, akapona kwa siku chache, kisha akabeba magunia ya kilo 50 miaka yote iliyofuata bila kukosa kazi kwa ajili ya mgongo, ametupa kipimo cha hali yake kabla ya ajali. Rekodi ya mahudhurio ya kazini kwa miaka hiyo ina thamani kubwa kuliko kiapo chochote. Iombeni.

Sasa nije kwenye picha, kwa sababu hapa pande zote mbili huelewa vibaya. Uchakavu wa diski huanza mapema kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2015 ulichapishwa uchambuzi uliojumlisha picha za watu 3,110 wasiokuwa na maumivu yoyote ya mgongo, na ndani yake dalili za uchakavu wa diski zilionekana kwa asilimia 37 ya watu wenye umri wa miaka 20, zikapanda hadi asilimia 96 kwa wenye miaka 80, huku diski zilizotuna zikionekana kwa asilimia 30 ya hao vijana na asilimia 84 ya hao wazee. Wote hao walikuwa wazima. Kwa hiyo bima inaposema kwamba mtu wa miaka 46 ana uchakavu, imesema jambo ambalo ni kweli kwa watu wengi wa rika lake wanaotembea mitaani bila shida, na haijaeleza ni kwa nini huyu aliyebeba magunia Jumatatu hakuweza kuinuka kitandani Jumatano. Lakini hoja hiyohiyo inawakata nanyi, Bi Likoni. Kama diski inaweza kuchomoza bila kuleta maumivu, basi hamwezi kuinua ripoti ya MRI peke yake na kusema kwamba imethibitisha ajali. Picha inaonyesha kilichopo, haionyeshi kilifika lini wala kililetwa na nini.

Kinachothibitisha ni ulinganifu. Diski ya kati ya pingili ya nne na ya tano ikigandamiza neva, mara nyingi huibana neva ya tano ya kiuno, na neva hiyo ina njia yake inayojulikana: maumivu na ganzi hushuka upande wa nje wa mguu hadi juu ya wayo na kwenye kidole gumba, na msuli unaoinua kidole gumba hudhoofika, hata mtu ashindwe kutembea kwa visigino. Muulize mumeo ganzi yake iko wapi hasa. Ikiwa ameonyesha njia hiyohiyo bila kuambiwa, na daktari akapima nguvu ya kidole gumba na kuandika alichokiona, na akamlaza chali na kuuinua mguu ulionyooka akaandika ni kwa kiasi gani maumivu yalijitokeza, basi sasa picha, mguu na simulizi vinasema jambo moja. Hapo ndipo ajali yenyewe inapoingia. Kujipinda ghafla chini ya mzigo ni aina ya mkazo unaoweza kuchomoza diski. Ninasisitiza kujipinda, kwa sababu wenye bima hupenda kubishana kuhusu uzito. Pendekezo la Shirika la Kazi Duniani la mwaka 1967 linaweka kilo 55 kuwa kikomo cha mzigo anaobeba mwanamume mzima, na gunia la kilo 50 liko chini yake, kwa hiyo mkisimama juu ya uzito peke yake mtateleza. Semeni gunia, ubao ulioteleza, na mwili uliopindika kujiokoa, vyote pamoja.

Wakati nao una uzito wake. Maumivu yalianza papo hapo, na ganzi ikaja siku ya tatu. Bima inaweza kusema kwamba kama angeumia kweli, ganzi ingekuja siku ileile. Si lazima. Uvimbe na mwasho unaoizunguka neva huongezeka kwa saa na siku, na dalili za mguuni kuchelewa siku mbili au tatu nyuma ya maumivu ya kiuno ni jambo ambalo daktari yeyote wa mifupa amelishuhudia. Ingekuwa ni miezi miwili, ningekuwa na shaka mimi mwenyewe.

Limebaki jambo moja, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Madaktari wengi hujaza sehemu yao ya fomu kwa kuandika ugonjwa na asilimia, kisha wanatia sahihi. Hakuna aliyewauliza swali la kisababishi, nao hawakulijibu. Rudini kwa daktari aliyemtibu, mpelekeeni kadi ya zahanati, karatasi ya tali, maelezo ya wenzake, barua ya bima na rekodi ya mwaka 2019, kisha mumwombe kwa heshima aandike maoni yake kuhusu swali moja: je, kwa kadiri ya elimu yake, kuna uwezekano mkubwa zaidi kwamba tukio la siku ile ndilo lililoleta hali hii, au liliizidisha hali iliyokuwa imelala, kuliko uwezekano wa kutokuwa hivyo? Aandike na sababu. Akiandika "huenda ilisababishwa na kazi", hajawasaidia, kwa kuwa huenda pia haikusababishwa. Daktari mwaminifu hawezi kusema ana hakika ya mia kwa mia, na hakuna anayemtaka aseme hivyo. Anatakiwa aseme mizani imelalia upande gani, na ni kitu gani kilichoilaza.

Kwa mfano, maana ya barua inaweza kuwa hii, ingawa yeye ataiandika kwa Kiingereza na kwa maneno yake: "Nimeisoma rekodi ya mwaka 2019, ambayo inaonyesha maumivu ya misuli yaliyopona bila dalili za neva. Mgonjwa alifanya kazi nzito tangu wakati huo bila kizuizi. Baada ya kujipinda akiwa na mzigo alipata maumivu ya papo hapo, na ndani ya siku tatu ganzi katika eneo la neva ya tano ya kiuno, na nilipompima nilikuta udhaifu wa msuli unaolingana na diski inayoonekana kwenye picha. Uchakavu ulioonekana ni wa kawaida kwa umri wake, na peke yake hauelezi udhaifu uliotokea kwa ghafla. Kwa maoni yangu kuna uwezekano mkubwa zaidi kwamba tukio hilo ndilo lililosababisha hali yake ya sasa." Asiandike hata sentensi moja ambayo hakuipima au kuisoma. Barua fupi yenye sababu hushinda ripoti ya kurasa kumi isiyo na sababu.

Na kuhusu kutafuta daktari wa kuandika "asilimia nzuri", tafadhali msifanye hivyo.

Karani wa Mawakili anajibu:

Namshukuru daktari. Nitaongeza upande wa sheria, kwa kuwa nimefungua majalada mengi ya aina hii.

Kwanza, ile barua ya bima si hukumu. Chini ya Sheria ya Manufaa ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ambayo wengi tunaiita WIBA, anayeamua dai ni Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Kampuni ya bima ni upande mmoja wa mgogoro, kama ninyi mlivyo upande mwingine. Nimeona familia zikipokea barua kama hiyo na kukaa kimya mpaka muda ukawapita. Dai linatakiwa kuwasilishwa ndani ya miezi 12 tangu tarehe ya ajali, nanyi mmekwisha kutumia saba. Nendeni ofisi ya Mombasa mwulize kama fomu ya DOSH 1 imefika kweli na imepewa nambari, maana mwajiri kuijaza ni jambo moja na kuifikisha ni jambo jingine. Pelekeni pia barua ya bima pamoja na maoni mapya ya daktari, ili yawe ndani ya jalada kabla ya uamuzi kutolewa. Uamuzi ukitoka na msiridhike nao, mna siku 60 za kuweka pingamizi kwa Mkurugenzi mwenyewe, naye ana siku 14 za kujibu, na baada ya jibu lake mna siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Leba. Tarehe ziandikeni ukutani.

Pili, sheria hii haiwadai mthibitishe uzembe wa mwajiri. Iwe ubao ulikuwa mbovu au ulikuwa mzima, fidia haitegemei hilo. Mnachotakiwa kuonyesha ni kwamba ajali ilitokana na kazi na ilitokea alipokuwa kazini, na kwamba ulemavu umetokana na ajali hiyo. Ninalisema hili kwa sababu bado wapo watakaowashauri mfungue kesi ya kawaida ya uzembe mahakamani. Mahakama ya Juu iliamua tarehe 3 Desemba 2019, katika kesi iliyokuwa imeletwa na Chama cha Wanasheria cha Kenya, kwamba vifungu vilivyokuwa vikibishaniwa vya sheria hii ni halali kikatiba, kikiwemo kile kinachomtaka mfanyakazi adai chini ya sheria hii badala ya kushtaki moja kwa moja. Msipoteze miezi yenu mitano katika mlango uliofungwa.

Tatu, lile la "hali iliyokuwepo kabla". Hoja hiyo ni kongwe kuliko sisi sote. Mwaka 1910, katika kesi ya Clover, Clayton and Company dhidi ya Hughes, Baraza la Malodi la Uingereza, ambalo wakati ule lilikuwa ngazi ya mwisho ya rufaa, lilishughulikia fidia ya mfanyakazi aliyekuwa akikaza nati kwa spana, mshipa wake mkubwa wa damu uliokuwa umevimba kwa maradhi ukapasuka, naye akafa. Ushahidi wa madaktari ulikuwa kwamba mshipa huo ulikuwa umeharibika kiasi kwamba ungeweza kupasuka hata akiwa amelala. Hata hivyo iliamuliwa kwamba alikufa kwa ajali iliyotokana na kazi, kwa sababu mkazo wa kazi, hata ukiwa mdogo, ndio uliochangia mpasuko ule. Uamuzi huo haumfungi Mkurugenzi wetu, lakini sheria zetu za zamani za fidia zilirithiwa kutoka kwenye mfumo huo, na hoja yake bado inasimama: kazi humchukua mtu na mwili alio nao. Bima ikisema mgongo ulikuwa umechakaa, jibu lenu lisiwe kukana uchakavu. Jibu liwe kwamba mgongo uliochakaa ulikuwa ukifanya kazi mpaka saa ile.

Nne, chagueni hadithi moja na msiichanganye. Nimesoma madai ambayo ukurasa wa kwanza unasema "ajali ya tarehe fulani" na ukurasa wa pili unasema "ugonjwa uliotokana na miaka mingi ya kubeba mizigo". Sheria inavitenganisha vitu hivyo, kwani magonjwa yatokanayo na kazi yana jedwali lake na masharti yake ya ithibati. Ninyi mna tukio lenye siku, mahali na mashahidi. Simameni hapo, na miaka tisa iwe maelezo ya nyuma tu.

Mwisho kwa upande wangu, kisababishi na asilimia ni maswali mawili. Asilimia ya ulemavu wa kudumu huzidishwa kwa mapato ya miezi 96, kwa kufuata viwango vya chini na vya juu vilivyowekwa, kwa hiyo mtu anayepata shilingi 24,000 kwa mwezi akipewa asilimia 15 hesabu yake ni shilingi 345,600. Lakini hata mkipata asilimia 40, kisababishi kisipothibitishwa mnazidisha kwa sifuri. Ndiyo maana daktari amekataa mlianzie kwenye asilimia, nami nakubaliana naye kabisa.

Fundi wa Voi anauliza:

Samahani kwa kuingilia. Mimi sina ajali ya siku moja. Nimefanya kazi kwenye mashine ya kusaga kokoto kwa miaka mingi, na sasa masikio yote mawili hayasikii vizuri. Haya mnayosema kuhusu mgongo yananihusu?

Daktari wa Afya ya Kazi anajibu:

Yanakuhusu, lakini wewe una faida moja ambayo mgongo hauna. Kelele huacha alama yake. Ukipimwa kwa odiometa, yaani kifaa cha kupima usikivu, sikio lililoharibiwa na kelele kwa kawaida huonyesha shimo karibu na masafa ya hezi 4,000, kisha usikivu unapanda tena kidogo kwenye 8,000, wakati usikivu unaopungua kwa uzee huendelea kushuka kadiri masafa yanavyopanda. Kanuni za kelele za mwaka 2005 zinakataza mfanyakazi kukaa katika kelele inayozidi desibeli 90 kwa saa nane ndani ya siku, na mahali penye kelele nyingi mwajiri hutakiwa kuipima na kuwapima wafanyakazi masikio. Omba vipimo vyako vya miaka iliyopita pamoja na kipimo cha kelele cha mahali pako. Kama ulipimwa ulipoajiriwa na ukaonekana mzima, karatasi hiyo ndiyo nusu ya kesi yako. Kaa mbali na kelele kwa muda kabla ya kupimwa upya, kwa sababu masikio yaliyotoka tu kwenye mashine hutoa matokeo mabaya kuliko hali halisi, na kipimo chako kitakataliwa. Ningekuomba uanze mada yako, tukujibu kwa urefu.

Binti Likoni anajibu:

Mungu awalipe kheri nyote. Mzee wangu, tulikwenda zahanati kama ulivyosema. Kwenye kadi, chini ya yale maneno "maumivu ya mgongo", kuna mstari ambao hatukuwahi kuuona, ulioandikwa kwa mwandiko mbaya: "alinyanyua gunia siku tatu zilizopita, ganzi mguu wa kushoto". Nililia palepale kaunta. Karani wa zahanati alitupigia nakala na kuigonga muhuri.

Bwana daktari, nilimuuliza mume wangu ganzi iko wapi bila kumwambia ulichoandika, akapitisha kidole upande wa nje wa mguu mpaka kwenye kidole gumba. Nilipomwomba atembee kwa visigino, mguu wa kushoto ulianguka chini. Wenzake wawili wamekubali kuandika, wa tatu anaogopa kufukuzwa nami sitamlazimisha. Ofisi ya Mombasa imethibitisha kwamba fomu ilifika na ina nambari. Miadi yetu na daktari aliyemtibu ni Alhamisi, na rekodi ya mwaka 2019 nimeitia kwenye bahasha ileile pamoja na nyingine zote. Naomba mniambie, barua ya daktari ikipatikana, tuipeleke kwanza kwa bima au kwa Mkurugenzi?

Karani wa Mawakili anajibu:

Ipelekeni kwa Mkurugenzi, nakala ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa na ibaki mikononi mwenu, kisha siku hiyohiyo mpelekee mwajiri na bima nakala ya tatu. Ule mstari wa zahanati uambatanisheni juu kabisa, kabla ya MRI. Uliandikwa na mtu asiyejua kwamba kungekuwa na dai.

Daktari wa Afya ya Kazi anajibu:

Na Alhamisi, kabla daktari hajaandika lolote, mwambieni amtembeze kwa visigino na aandike alichokiona pamoja na tarehe. Kidole gumba kisichoinuka baada ya miezi saba kinahitaji pia kutibiwa, si kuandikiwa tu. Muulizeni palepale kama anafaa kuonwa na daktari wa upasuaji wa uti wa mgongo. Msingojee fidia ndipo mwulize.